"Mh" ya dakika ya nne

Jirani yangu hapa Mbezi Luis anasomea shahada ya uzamivu, na kwa miezi sasa kazi yake ni kusikiliza. Anavaa hedifoni, anawasha laptopu, anabonyeza, anarudisha nyuma, anabonyeza tena. Nje mabasi ya mikoani yanapiga honi yakielekea Kituo cha Magufuli. Yeye wala hana habari. Jioni moja alinikaribisha nitazame. Kwenye kioo walikuwamo wanafunzi watatu wa kidato cha tatu, wamebanana mbele ya kompyuta moja, wanaunga saketi ya umeme ndani ya programu. Taa inagoma kuwaka. Mmoja ameshika mausi. Wa pili anasema, "Geuza betri." Wa tatu anasema, "Mh."

Kwenye "mh" hiyo jirani yangu alikuwa amekaa nusu saa.

Amekubali? Ana shaka? Anadharau? Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tunajua sauti hiyo moja inabeba yote, inategemea imepandaje na jicho lilikuwa wapi. Mwongozo wake wa kusimba, yaani kuipa kila kauli alama yake, una alama za dai, swali, maelezo, kukubali, pingamizi na kimya. Akikosea hapo, yote yanayofuata yatasomeka kivingine. Akarudisha nyuma sekunde nne, sijui mara ya ngapi. Safari hii akazima sauti, akatazama mikono tu. Yule wa tatu alikuwa amenyoosha kidole hadi kwenye kioo, penye waya ambao haujafika kwenye taa. "Pingamizi," akaandika, na pembeni yake muda: 04:40.

Nilimuuliza kwa nini asihesabu tu maswali mangapi, maelezo mangapi, akamaliza. Akacheka, akanipa mfano wa dereva wa daladala. Jioni dereva anampelekea tajiri hesabu, na hesabu ya Jumatatu inaweza kulingana na ya Jumanne hadi shilingi ya mwisho. Lakini Jumatatu gari lilijaa asubuhi likalala mchana kutwa, na Jumanne lilisota hadi saa kumi ndipo likapata abiria. Ukiangalia noti tu, siku zote mbili ni moja. Makundi ya wanafunzi nayo ni hivyo hivyo: kundi moja linauliza kwanza, linabishana, kisha linaeleza, jingine linapewa jibu na mjuaji wao, halafu linauliza maswali yale yale kwa kuchelewa. Jumla sawa, ila la pili sijui kama limejifunza kitu. Mwaka 2009 Peter Reimann wa Chuo Kikuu cha Sydney aliandika makala akiwahimiza watafiti wa ujifunzaji wa pamoja kwa kompyuta wafuate matukio na mfuatano wake, wasitosheke na vigezo vilivyojumlishwa. Kwa hiyo jirani yangu anatengeneza jedwali la nini hufuata nini: baada ya pingamizi, mara ngapi huja maelezo, mara ngapi kimya.

Tunalo jaribio kubwa la watoto na kompyuta hapa nchini. Kuanzia mwishoni mwa 2017, mashindano ya Global Learning XPRIZE yaligawa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa watoto karibu 2,700 vijijini mkoani Tanga. Walipimwa mwanzoni, wakapimwa tena baada ya miezi 15, na mwaka 2019 timu mbili zilizoshinda, onebillion na Kitkit School, zikagawana dola milioni 10. Kwa kumpata mshindi, vipimo hivyo vilitosha. Ila mitihani miwili haikwambii nani alimwonyesha nani herufi, siku gani, baada ya ugomvi gani.

Kinachonivutia zaidi kwa jirani yangu ni kwamba hajiamini. Sehemu ya video amempa mwenzake asimbe peke yake, bila kuona alama zake. Kisha wanalinganisha kwa kapa, kipimo alichokitoa Jacob Cohen mwaka 1960, kinachopunguza makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Maana watu wawili wakiandika "dai" karibu kila mahali, watapatana hata wakiwa wamelala.

Mwenzake alifika na daftari lake usiku ule, umeme umeshakatika, laptopu ikiwa na chaji kidogo. Kwenye 04:40 alikuwa ameandika "kukubali". Hawakubishana. Walivuta viti, wakagawana hedifoni sikio moja moja, wakarudisha nyuma sekunde nne.