Kama Ufaransa Ingetangulia Kuingia Ubelgiji

Bahasha ilifika ubalozi wa Ujerumani mjini Brussels Julai 29, 1914, imetiwa lakiri, na maagizo kwamba isifunguliwe hadi Berlin iseme. Berlin ilisema Agosti 2. Jioni hiyo mwakilishi wa Ujerumani, von Below-Saleske, aliipeleka barua iliyokuwamo kwa serikali ya Ubelgiji. Ilidai kuwa Ujerumani ina habari za kuaminika kwamba Wafaransa wanajiandaa kupitia Givet na Namur kuishambulia. Basi Ubelgiji iwape Wajerumani njia. Muda wa kujibu: saa 12.

Mtego uko kwenye tarehe. Rasimu iliandaliwa na Moltke, mkuu wa majeshi, Julai 26, wakati Austria na Serbia zilikuwa hazijaingia vitani. "Habari za kuaminika" zilitangulia tukio lenyewe. Kwa maneno mengine, historia mbadala ambayo leo tunaibuni kwa udadisi, Wajerumani waliitunga mapema na kuitumia kama hoja ya kidiplomasia.

Haikuwa hoja ya kipuuzi. Mwaka 1912 Jenerali Joffre wa Ufaransa aliwaomba wakubwa wake ruhusa ya kuingia Ubelgiji mara vita vikianza. Waziri Mkuu wa wakati huo, Poincaré, alimkatalia: kuvuka mpaka ule kwanza kulikuwa sawa na kuitupa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huo, Henry Wilson wa makao makuu ya jeshi la Uingereza aliwapa Wafaransa onyo lilelile.

Ndiyo maana Julai 30, 1914 Paris ilitoa amri ya ajabu kwa nchi inayonusa vita: askari wakae kilomita 10 nyuma ya mpaka. Joffre alikuwa na hesabu zake. Kesho yake alionya kwamba kila saa 24 za kuchelewa kuita askari zitagharimu kilomita 15 hadi 20 za ardhi. Waziri Mkuu Viviani naye alihakikisha London inajulishwa habari za zile kilomita 10. Zilikuwa ujumbe kwa Waingereza kuliko mbinu ya vita.

Sasa tugeuze meza: Joffre ameshinda ubishi, na Wafaransa wako Namur.

London ndiyo ingetikisika kwanza. Baraza la Mawaziri lilikuwa limegawanyika. John Burns na Lord Morley walijiuzulu hata katika hali halisi. Silaha ya Waziri wa Mambo ya Nje, Grey, mbele ya Bunge Agosti 3 ilikuwa Ubelgiji, ambayo uhuru na kutoegemea kwake vilidhaminiwa na mkataba wa 1839. Kama mvunjaji angekuwa Ufaransa, silaha hiyo ingemgeukia mwenyewe. Uingereza kupigana na Ufaransa ni vigumu kuamini. Kukaa pembeni ni rahisi zaidi.

Roma nako, Italia ilijitoa kwa kusema mkataba wake na Berlin na Vienna ni wa kujilinda tu, nao ndio walioanza. Ufaransa ingetangulia, kisingizio hicho kingeyeyuka. Na London ikikaa pembeni, woga wa Italia wa manowari za Uingereza na wa kukosa makaa ya mawe ya Waingereza ungepungua pia.

Afrika Mashariki ingeonja tofauti hiyo haraka. Agosti 8 manowari ya Uingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa redio wa Dar es Salaam. Uingereza isipokuwa vitani, mizinga hiyo hailii. Gavana Schnee wa Afrika Mashariki ya Kijerumani alitaka koloni lake libaki nje ya vita, na Mkataba wa Berlin wa 1885 uliacha mlango wa kutoegemea upande wowote kwa bonde la Kongo, eneo lililonyooshwa hadi Bahari ya Hindi. Ubelgiji nayo ilitaka hivyo kwa Kongo yake, hadi Agosti 22 meli ya Kijerumani Hedwig von Wissmann ilipoishambulia meli ya Wabelgiji pale Lukuga, Ziwa Tanganyika.

Katika historia yetu ya kubuni, Lukuga ingeendelea kupakia mizigo. Adui wa Wabelgiji angekuwa ng'ambo nyingine kabisa: Brazzaville ya Wafaransa, inayotazamana na Léopoldville, na kati yao Mto Kongo tu.