Fundi wa Shifoni Mpime Kabla ya Mkasi

Gauni la shifoni likishashonwa, ni vigumu kumjua aliyelishona. Pasi huficha mengi, na siku ya kwanza kila nguo hupendeza. Kasoro hujitokeza baada ya kufuliwa mara mbili tatu: pindo linashuka upande mmoja, mshono wa ubavuni unajisokota kuja mbele, bitana inachungulia chini. Nyingi ya kasoro hizo hazikuanzia kwenye cherehani. Zilianzia mezani, kitambaa kikiwa bado kizima, na anayetaka kuitambua kazi nzuri aanze kuangalia hapo.

Kwanza kitambaa chenyewe. Madukani, iwe Kariakoo au Biashara Street ya Mombasa, kila kinachong'aa huitwa hariri, na pengine muuzaji naye ndivyo alivyouziwa. Fundi makini habishani naye. Huchomoa nyuzi chache ukingoni akaziwasha kwa kiberiti. Hariri huungua kwa kusitasita, harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa kidole. Poliesta huyeyuka, ikajikunja na kuganda kuwa punje ngumu. Jibu hilo ndilo litakaloamua joto la pasi na kama kitambaa kiloweke au kisiloweke. Kuvaa poliesta si aibu, na shifoni nyingi zinazopendeza harusini ni poliesta tupu. Aibu ni ya fundi anayeishughulikia hariri kama poliesta.

Jaribio ninaloliamini zaidi halitaki moto. Shika kitambaa kwa mikono miwili, vidole gumba vikikaribiana, kisha vivute viachane kwa nguvu ya wastani. Kiinue kitambaa dirishani. Ukiona nyuzi zimeachana na mwanya haujifungi, basi hapo ndipo mshono utakapoachia, kwapani au makalioni, hata ukishonwa mara tatu. Satini nyingi za bei rahisi huangukia hapa. Fundi mzuri atakuambia mapema: dada, hii tuishone pana, isibane, la sivyo tafuta kitambaa kingine. Asiyejaribu atakuja kukuambia kuwa umenenepa.

Halafu maji. Krepu ya hariri na viskosi husinyaa zikilowa, tena mara nyingi upande mmoja zaidi ya mwingine. Poliesta karibu haisinyai kabisa. Kwa hiyo fundi hukata kipande cha sentimita 10 kwa 10, akachora kingo zake kwenye karatasi, akakilowesha, akakianika kivulini na kukipiga pasi, kisha akakirudisha juu ya mchoro wake. Kikipwaya ndani ya mistari, kitambaa chote kiloweshwe kabla ya kukatwa, kwa namna ile ile nguo itakavyokuja kufuliwa. Nguo ya hariri ambayo haitafuliwa kwa maji, hata tone la pasi ya mvuke isilione, maana linaweza kuacha doa lisilotoka. Bitana nayo ipitie jaribio hilo hilo. Wengi huisahau, kisha gauni linatulia na bitana inakunjamana ndani.

Kinachotenganisha mafundi hasa ni mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na nyuzi za upana. Kitambaa kilichokaa kwenye jora kimevutwa, mara nyingi mshindio wake umepinda, na mwenye duka naye amekikata kombo. Fundi hodari huchomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo. Mahali uzi ulipotoka hubaki mstari mwembamba unaopitisha mwanga, na anakata juu ya mstari huo. Uzi wa shifoni hukatika njiani. Anautafuta upya kwa ncha ya sindano, anaendelea. Ni kazi ya subira isiyo na raha yoyote kuitazama, lakini nikimwona fundi akiifanya sina swali jingine. Akimaliza, hukunja kitambaa ukingo kwa ukingo. Pembe zisipokutana, hukivuta kwa mshazari polepole mpaka zikutane. Poliesta iliyotoka kiwandani ikiwa imepindishwa kwa joto hainyooki tena, hata ufanyeje. Hiyo irudishwe dukani.

Ndipo hutandika shuka la pamba mezani ili shifoni isiteleze, akakilaza kitambaa juu yake usiku kucha, kisining'inie pembeni, kwa kuwa uzito wake wenyewe hukivuta. Hukata safu moja moja, kwa mkasi ambao hautumiki kwa karatasi. Pini zake ni nyembamba, na huzichoma sehemu itakayomezwa na mshono tu, kwani satini haisahau tundu. Chaki ya nta haikaribii hariri. Alama zote hupigwa bandi kwa uzi mwembamba. Sindano ni namba 60 au 70. Ile 90 inayokaa kwenye cherehani nyingi huvuta nyuzi na kuacha mistari.

Wapo wanaotia wanga mwepesi ili shifoni ikakamae wakati wa kukata. Sina ugomvi nao, mradi kitambaa kinafulika na wanga utatoka wote.

Sketi iliyokatwa hanamu itundikwe siku nzima kabla ya kupindwa, kwa sababu itashuka tu. Afadhali ishukie kwa fundi kuliko ukumbini.

Haya yote yanataka nafasi. Ukinunua, ongeza robo mita kwa ajili ya kunyoosha na kujaribu, na kama sherehe iko karibu, peleka kitambaa wiki mbili kabla, si Jumatano kwa Jumamosi. Fundi akikuomba siku mbili kabla ya kushika mkasi, mpe. Yule anayekitandika na kukikata ukiwa bado umesimama mlangoni, mpelekee vitenge. Shifoni yako ondoka nayo.