Alipesa Lini?

Wiki mbili zilizopita nilipanda ngazi za ukumbi mmoja mdogo pale Adams Arcade, Nairobi, kutazama filamu ya kuchorwa ambayo kila mtu alikuwa akiniambia nisiikose. Kijana ameketi kitandani. Ana huzuni, na tunajua ana huzuni kwa sababu amepakwa rangi ya buluu. Dakika ya pili kichwa chake kinafunuka kama sufuria, linatoka wingu jeusi, wingu linanyesha, chumba kinajaa maji, na chini ya maji kuna tundu lenye ndege. Mwishoni tundu linafunguka. Watu wakasimama kupiga makofi. Mwenye maikrofoni akasema filamu hii imechimba nafsi ya mwanadamu hadi mwambani. Nilishuka ngazi kabla ya maswali na majibu, nikaenda kunywa chai kibandani karibu na steji, nimekunja uso hadi mama wa chai akaniuliza kama nimefiwa.

Sikufiwa. Nilikuwa nimehesabu. Kijana yule wa buluu alipesa macho kila baada ya sekunde mbili kamili, kama indiketa ya matatu inayongoja kukata kona ya soko la Toi. Alipesa hivyo akiwa na huzuni, akapesa hivyo akizama, akapesa hivyohivyo ndege alipotoka. Mtu anayepesa kwa saa hana kitu kichwani, hata ukikifunua na kumwaga mawingu yote ya Nairobi ya mwezi wa Julai.

Basi acha niseme jinsi kazi hii inavyopimwa, maana naona wapimaji wamekuwa wengi na mizani hakuna.

Kwanza tuondoe vichwa vinavyofunguka. Ugonjwa huu ulikuwepo zamani, lakini tangu Pixar watoe Inside Out mwaka 2015 umekuwa tauni. Kila mwenye tableti anataka kutuonyesha hasira kama kijitu chekundu kinachobonyeza vitufe ndani ya fuvu. Pixar waliweza kwa sababu msichana wa nje, Riley, alichorwa kwa uangalifu uleule wa wale wa ndani. Zima sauti, tazama uso wake tu, bado utajua siku aliyovunjika moyo. Waigaji wetu walichukua vijitu wakamwacha Riley. Moyo wa mtu ni msitu, nao wanafyeka miti yote ili tuone katikati, kisha wanashangaa kwamba katikati hapana kitu.

Sasa kope. Hapa nitakaa kidogo.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kwa habari ya kutazama mambo ya watu, ni kweli tupu. Lakini mchoraji akiiamini methali hiyo amekwisha. Pazia lipo. Linashuka na kupanda mara kumi na tano au ishirini hivi kwa dakika mtu akiwa ametulia, na asiyelitazama hajatazama kitu. Mtu akisoma, hukaa juu muda mrefu zaidi. Akisikiliza habari anayoiogopa, hukaa juu kana kwamba limesahauliwa. Akigeuza kichwa kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, hushuka katikati ya safari, kama mwalimu anayefuta ubao kabla ya somo jingine. Tena hushuka haraka kuliko linavyopanda. Kwa fremu 24 za sekunde, mimi huchora mbili za kushuka, moja ya kufunga, nne za kupanda, na katika zile nne mboni haijatulia bado, inatafuta mahali pa kukaa. Mvivu huchora macho mawili, ya wazi na ya kufungwa, akawa anayabadilisha kama swichi ya taa. Mvivu kuliko yeye huiachia programu ipese kwa niaba yake, ndiyo maana wahusika wa filamu tatu tofauti za mwaka huu wanapesa kama ndugu wa tumbo moja.

Si mambo yangu ya kujitungia. Walter Murch, aliyehariri filamu ya The Conversation ya mwaka 1974, alisimulia kwamba alipokuwa akichagua mahali pa kukata picha za Gene Hackman, mara kwa mara alikuta Hackman amepesa karibu na palepale. Wazo likiisha, kope hushuka. Mhariri aliyekuwa akiwaza pamoja na mwigizaji alikata hapo bila kujua. Mwaka 2009 watafiti wa Japani waliwaonyesha watu Mr. Bean, wakakuta watazamaji wanapesa pamoja, pale kitendo kinapokamilika. Yaani filamu iliyopangwa vizuri hukupangia hata kope zako wewe uliyekaa kitini. Ile ya kijana wa buluu iliniacha nikipesa peke yangu gizani.

Mzee aliyenifunza hakuwa amemsoma Murch. Alianza kwa kuandika mabango ya maduka, akaja kuchora slaidi za matangazo zilizoonyeshwa sinema kabla ya picha kuanza, enzi ambapo Adams bado ilikuwa na sinema yake ya Metropole na watu wa mtaa wa Woodley walikwenda jioni kwa miguu, wamevaa viatu vya Jumapili. Siku hizi watu hutazama filamu wakiwa wamelala ubavu. Tulipomjua alikuwa na chumba kimoja juu ya duka, meza ya taa aliyojitengenezea kwa kioo cha dirisha, na wanafunzi watatu. Mwezi wa kwanza alitutuma steji kila asubuhi na daftari, tukae wanapongojea matatu 111 za Ngong, kila mmoja achague mtu, kisha arudi. Ukirudi na mchoro wa uso, hakuutazama. Alikuwa na swali moja.

"Alipesa lini?"

"Sikuangalia, Mzee."

"Basi hukumwona. Rudi."

Siku moja mwaka 2004 nilirudi na jibu. Mwanamke mmoja, kikapu miguuni, alikuwa kwenye kibanda cha simu ya jamii. Alisikiliza muda mrefu. Makanga alikuwa akipiga bati la gari hatua mbili kutoka kwake, mtoto analia, naye hakupesa. Hakusema neno pia. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake, akafungua pochi, akamwuliza mwenye kibanda ni pesa ngapi. Hapo ndipo kope ziliposhuka, polepole. Akatajiwa. Zikashuka tena.

Nilimweleza Mzee nikitarajia anipe pole kwa niaba ya yule mama. Alifikiri kidogo, akasema, "Ya kwanza ni ya habari. Ya pili ni ya bei." Kisha akanipa karatasi.

Nimekuwa nikizipima filamu zote kwa mama yule tangu siku hiyo. Wachache huvuka.

William Kentridge wa Johannesburg huvuka, ingawa njia yake ni nyingine. Hachori karatasi elfu. Ana chache, na mkaa. Huchora, hutembea hadi kwenye kamera akapiga fremu, hurudi akafuta kidogo na kuchora juu yake, hutembea tena. Amekuwa akifanya hivyo tangu 1989, alipomleta Soho Eckstein na suti yake ya milia. Mkaa haufutiki ukaisha, kwa hiyo pale mkono ulipokuwa kabla ya kusogea hubaki kivuli kama cha majivu, na mtu wa Kentridge hutembea akiburuta jana yake nyuma. Hahitaji kumwagiwa mvua. (Mkaa wa mkebe mmoja wa kasuku wa Kibera hautoshi kumwiga, msijisumbue. Ule wa kupikia hukwaruza karatasi. Nimejaribu.)

Na kwetu, Yellow Fever ya Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012. Aliitengeneza akimalizia masomo Royal College of Art kule London, na mimi bado sijaona ya Nairobi iliyoipita. Inahusu ngozi, mkorogo, na aibu tunayofundishana tungali watoto. Michoro imechanganywa na miili ya wachezaji halisi, na katikati kuna sauti ya mtoto wa ndugu yake akisema juu ya rangi ambayo angependa awe nayo. Ni sauti ya mtoto kweli, na picha ni ya kuchorwa. Mwingine angekifunua kichwa kile kidogo atuonyeshe matangazo ya sabuni yakizunguka ndani. Mukii alimwacha mtoto aseme. Ukiitazama pamoja na watu, geuka kidogo wakati huo uwatazame wao; utajua nilichokuwa nikisema juu ya kope.

Matapeli nao wapo, na ni wajanja. Zamani tapeli aliiba michoro. Wa leo huiba mtetemo. Kila mtu sasa amejua kwamba mstari wa mkono hucheza kidogo kutoka fremu moja hadi nyingine, na kwamba mchezo huo humfanya mtu wa penseli aonekane anapumua hata akiwa amesimama tu. Kwa hiyo wanachora mara moja, wanaweka chujio la kompyuta litikise mistari, wanaandika mwishoni kwamba kila fremu imechorwa kwa mkono. Namna ya kuwanasa ni rahisi: tazama kola. Mkono wa binadamu hutetemeka pale unapoogopa kukosea, yaani mdomoni, vidoleni, kwenye pembe ya jicho. Kola ya shati haimtishi mtu, hivyo hutulia. Ukiona kola inatetemeka sawasawa na mdomo, umeuziwa mashine. Nilimwomba bwana mmoja aliyepewa tuzo kwa kazi ya namna hiyo anionyeshe karatasi zake, hata kumi. Akasema zilinyeshewa. Zote zilinyeshewa, isipokuwa cheti.

Mengine nayapitisha haraka. Mhusika aliyetia mikono mifukoni filamu nzima ameumbwa na mtu asiyejua kuchora mikono. Miwani ya jua ni kosa hilohilo, limepanda cheo. Piano ikilia kabla ya dakika ya kwanza kuisha, mwenye filamu haziamini picha zake. Zaidi ya dakika kumi ni kiburi. Rangi zisizidi tatu. Usiniulize kwa nini. Asiyeweza kukichora kiti cha plastiki cha hotelini hana haki ya kuchora upweke, kwa sababu upweke wa Nairobi hukaa juu ya kiti hicho. Na penseli huishinda tableti. Vijana watasema huo ni uzee, nami sitawabishia.

Ila siwalaumu vijana peke yao. Waliopitia studio ya Homeboyz wakati ule wa Tinga Tinga Tales, vipindi 52 vya wanyama waliochotwa kwenye mtindo wa Edward Saidi Tingatinga wa Dar es Salaam, walikuwa na mtu wa kuwarudishia kazi mara tatu kabla haijaenda kwa watoto wa BBC. Kijana wa sasa yuko peke yake chumbani na kompyuta ambayo haijawahi kumwambia "rudi". Anamaliza saa nane ya usiku, anaweka mtandaoni, na asubuhi watu mia mbili wamemwandikia kwamba wamelia.

Mzee mwenyewe alimchora yule mama wa simu. Sekunde 40, mchoro mmoja kwa fremu mbili, karatasi 480. Zilimchukua masika nzima na sehemu ya vuli. Hazikupigwa picha hata moja, maana kamera aliyoahidiwa haikuja, na baadaye macho yake yakaharibika. Boksi ninalo mimi, chini ya kitanda. Panya wamekula pembe za karatasi za mwanzo. Nikizipeperusha kwa kidole gumba, fungu moja moja, kinapita kikapu, unapita mkono wa simu, kisha unapita uso unaosikiliza, karatasi baada ya karatasi, bila kitu kingine. Namba 452 ina duara la kikombe cha chai, palepale kope zinapoanza kushuka mara ya pili, na pembeni ameandika kwa penseli nyekundu: bei.