Mifupa ya Mpaina, Vazi la Mninga

Seremala wa Biharamulo akiombwa stendi ya tangi kubwa la samaki, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye meza: miguu minne, fremu chini ya uso, skrubu pembeni, vanishi juu. Ndivyo alivyoanza fundi aliyepewa kazi na mwalimu mmoja wa Ngara, na ndipo mvutano wao ulipoanzia. "Mwalimu, meza zangu zinabeba magunia mawili ya mahindi bila kulia," alisema. Mwalimu akamjibu, "Hapa ni magunia manne, fundi, na hayashushwi."

Jibu hilo lina hesabu ndani yake. Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50, yaani lita 300 kwa vipimo vya nje. Fundi wa madirisha ya alumini alilikata kwa kioo cha milimita 10, ambacho kila mita yake ya mraba ina kilo 25. Vioo vitano vinafika kilo 57 hivi. Maji yanakuwa kama kilo 240 ukishaondoa unene wa kioo, nafasi ya juu isiyojazwa na nafasi inayoliwa na mawe. Mchanga na mawe ni kilo 70, halafu kuna kifuniko, taa na chujio. Mzigo unakaribia kilo 380, na ni busara kujenga kwa 400. Gunia la mahindi hukaa mezani siku mbili likauzwa, lakini mzigo huu unabaki palepale usiku na mchana kwa miaka, na mbao iliyobebeshwa bila kupumzishwa huendelea kupinda polepole hata kama siku ya kwanza ilionekana imara.

Urefu wa sentimita 120 haukuchaguliwa kwa sifa. Mwalimu alitaka furu, samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao mamia ya aina zao zilianza kupotea miaka ya 1980, sangara alipotawala ziwa. Mmoja wao, mwenye mgongo mwekundu na mbavu za manjano zenye mistari myeusi, alipewa jina la kisayansi la *nyererei* mwaka 1985, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Dume la furu huyu hulinda eneo lake na kumfukuza dume mwenzake bila huruma. Tangi fupi halimpi mnyonge pa kukimbilia. Kwa hiyo tabia ya samaki ndiyo inayoamua urefu wa tangi, na urefu wa tangi ndio unaoamua ukubwa wa boriti. Anayeanza na stendi iliyopo dukani kisha akatafuta tangi la kuitosha amegeuza kazi.

Wengi huanza hivyo, na stendi wanayoanza nayo ni kabati la televisheni. Lina urefu unaofaa, lina milango, linang'aa. Uso wake kwa kawaida ni chipbodi ya milimita 18. Ukiichukua chipbodi hiyo, yenye upana wa sentimita 50, ukaishika ncha mbili zilizoachana sentimita 110 na kuitandazia kilo 400, hesabu ya kupinda inatoa zaidi ya sentimita 10. Maana yake ingevunjika kabla ya kufika huko. Sebuleni haivunjiki mara moja kwa sababu kioo cha tangi ni kigumu na kinajibeba chenyewe kwa sehemu. Lakini kioo kikishaanza kufanya kazi ya stendi, inayoumia ni mishono ya silikoni kwenye kona za chini. Ongeza tone la maji linalotua kila siku kwenye ukingo wa chipbodi: inafura, inaumuka, skrubu zinapoteza mshiko. Chipbodi na maji havikai nyumba moja, na sioni sababu ya kumshawishi mtu ajaribu.

Kabati la zamani la mninga mtupu, lile la vyombo vya bibi harusi, ni habari nyingine. Hilo linaweza kugeuzwa stendi nzuri kuliko yoyote mpya, mradi lisibebeshwe chochote. Unatoa uso wa juu, unajenga fremu ya mbao ndani yake inayosimama sakafuni kwa miguu yake yenyewe, na unaacha upenyo wa milimita tatu au nne kati ya fremu na kuta za kabati. Uso unarudi juu ya fremu, si juu ya kabati. Anayeingia sebuleni anaona kabati la mama. Uzito wote unapita ndani bila kuligusa.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyotumika kwenye stendi mpya ya mwalimu, na ndiyo ninayotaka kuikazia: mifupa ya kubeba na vazi la kupendeza ni kazi mbili, na kila moja ichaguliwe mbao yake.

Mifupa ilikuwa ya mpaina, mbili kwa nne. Kuna fremu ya juu, fremu ya chini na miguu katikati yake. Boriti ndefu za fremu ya juu zilisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba, upana wa inchi nne ukiwa wima. Jambo hili dogo hupuuzwa sana. Mbili kwa nne ileile ikilazwa inapinda mara nne zaidi ya ikisimamishwa. Kwa mzigo wa tangi hili, boriti iliyosimama inapinda takriban milimita moja katikati, na iliyolazwa takriban nne. Kioo kinaweza kuvumilia milimita moja. Nne ni kumwita fundi silikoni. Mguu wa katikati ungepunguza hata hiyo moja karibu iishe, na nyuma uliwekwa. Mbele mwalimu aliukataa ili ndoo ya chujio na betri ya pampu ya hewa viweze kuvutwa nje bila kukwama. Betri si anasa huko: umeme ukikatika usiku kucha na hewa ikasimama, tangi lenye samaki wengi linaweza kupoteza wengi wao kabla ya alfajiri.

Ukipiga magoti ukatazama kona ya stendi hiyo kwa karibu, utaona mguu si kipande kimoja. Ni vipande viwili vya mbili kwa nne vilivyogundishwa ubavu kwa ubavu, kimoja kifupi na kingine kirefu. Kifupi kinaishia chini ya boriti, na boriti imekaa juu yake, mbao juu ya mbao. Kirefu kinapanda kando ya boriti mpaka juu na kuizuia isiteleze. Skrubu zipo, lakini hazibebi chochote. Ungeweza kuzitoa zote na tangi lingebaki palepale. Katika ile meza ya kwanza, boriti ilikuwa inaning'inia kwenye skrubu zilizopigwa ubavuni mwa mguu, na kilo 400 zote zingepita kwenye vyuma vinne vya unene wa kalamu. Fundi alipoona tofauti hiyo kwa macho, hakuhitaji maelezo zaidi. Mafundi wetu wanajua ulimi na tundu tangu uanagenzi wao. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia mzigo ni kiasi gani.

Fremu ya chini ina kazi yake. Nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo ni za chini, bila ghorofa, na hilo ni bahati, kwa sababu sakafu za ghorofa za makazi kwa kawaida hukadiriwa kwa kilo 150 hivi kwa mita ya mraba, huku tangi hili likikandamiza zaidi ya kilo 600. Ila sakafu ya chini nayo mara nyingi ni saruji nyembamba juu ya mawe na udongo ulioshindiliwa. Mguu mtupu wa inchi mbili kwa mbili unaweza kuitoboa au kuipasua. Fremu nzima inayolala sakafuni inautawanya uzito.

Sasa tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 mkoa wa Kagera, zilimo Ngara na Biharamulo, ulitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi, hasa Bukoba na Missenyi. Anayejenga stendi katika mkoa huu na kuifikiria kama inasukumwa chini tu, amesahau mkoa anaoishi. Tangi la upana wa sentimita 50 likikaa kwenye stendi ya sentimita 70, kitovu cha uzito wake kiko kama sentimita 95 kutoka sakafuni. Msukumo wa pembeni wa takriban robo ya uzito wake unatosha kuanza kulipindua. Kila sentimita unayoiongeza kwenye kimo inapunguza nguvu hiyo. Kwa hiyo sentimita 70 inatosha, hasa kwenye sebule ambako watu hutazama wakiwa wameketi kwenye makochi. Stendi ya kiunoni inapendeza hotelini, kwenye ukumbi wa watu waliosimama.

Kabla ya kupinduka kuna hatari nyingine, ya fremu kulala upande kama sanduku lisilo na mgongo. Hapa uzuri wa mbele wenye milango mikubwa unalipiwa na mgongo. Plaiwudi ya milimita 12 iligundishwa na kupigwa skrubu mgongoni mwote, ikaachiwa matundu ya mipira ya maji na nyaya tu, na mbavuni vivyo hivyo. Kisha vyuma viwili vya kona vikaishikilia fremu ukutani. Ukuta ulikuwa wa tofali za kuchoma. Ule wa tofali mbichi haushiki, na mwenye nyumba ya namna hiyo atafute nguzo au linta ya kufungia.

Vazi lilikuwa mninga, na hapo ndipo stendi ilipopata uso wake. Misitu ya miombo ya upande wa Biharamulo ndiyo makazi ya asili ya mti huu, na maseremala wanaupenda kwa sababu nzuri: ukishakauka hautanuki wala kusinyaa sana, haujipindi, na kiini chake cha kahawia kinawashinda mchwa. Weupe wa pembeni ya gogo haufai, wadudu huula; fundi aukate wote hata kama roho inauma. Mchwa wa Ngara hawana subira, hivyo mpaina wa ndani nao upakwe dawa ya mbao, na upewe siku za kutosha kupoteza harufu kabla samaki hawajaingia chumbani. Mkaratusi ni wa bei nafuu na una nguvu, lakini ule unaouzwa barabarani kwa kawaida ni mbichi, na ukikaukia ndani ya stendi unapasuka na kujisokota. Mgrevilea wa mashambani ungefaa kwa paneli za milango. Nakshi yake ina madoadoa ya kupendeza yakipata vanishi, na mti wenyewe hupandwa.

Mninga nao una sheria zake. Mbao ziwe na alama ya nyundo na risiti, na kuzisafirisha kunahitaji hati ya Wakala wa Huduma za Misitu, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Tangu Februari 2023 miti ya jamii ya mninga barani Afrika imo pia kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, jambo ambalo mkazi wa wilaya yenye vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga anapaswa kulijua kabla hajampelekea ndugu mbao hizo ng'ambo. Ndiyo maana napenda kuuona mninga ukitumiwa kama vazi: milango miwili, ukanda wa mbele na uso wa juu vilikula mbao chache sana. Kuuficha ndani kama boriti ni kuutupa.

Milango ilitengenezwa kwa namna ya mlango wa paneli wa nyumbani. Fremu ya mlango ina mfereji, na paneli imeingizwa ndani yake bila gundi. Sehemu ya ndani ya stendi ni ya unyevunyevu, sebule ni kavu. Ubao uliogundishwa pande zote hufura upande mmoja na kupasuka. Paneli isiyogundishwa inatanuka na kusinyaa ndani ya mfereji wake, na mlango haukwami. Ukavu wa mbao ulipimwa kwa njia rahisi: kipande kilipimwa kwenye mizani ya duka kila wiki, na kazi ikaanza uzito ulipoacha kushuka. Mbao zilikuwa zimepangwa kivulini, vijiti vikiwa katikati ya kila tabaka ili upepo upite. Wakati wa kupiga msasa fundi alijifunga kitambaa puani, maana vumbi la mninga huwasumbua wengi kifua na ngozi. Vanishi ilipakwa tabaka nyembamba kadhaa, na ncha za mbao, pale maji yanapofyonzwa haraka, zilipakwa mara nyingi kuliko uso.

Usawa ulitafutwa sakafuni. Pimamaji iliwekwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, na vibanzi vikaingizwa chini ya fremu ya chini. Kibanzi kikiwekwa kati ya tangi na stendi kinageuka jiwe moja linalobeba kona nzima. Juu ya uso ulitandazwa mkeka wa foamu ngumu wa milimita 10, kwa kuwa tangi hili lilikalia kioo chake cha chini moja kwa moja. Matangi yenye fremu ya plastiki chini huachwa bila mkeka. Maji yakajazwa theluthi, pimamaji ikarudiwa, yakaachwa mpaka kesho yake, yakajazwa theluthi nyingine. Marekebisho yakihitajika, maji hutolewa kwanza. Hakuna anayenyanyua kona ya tangi lililojaa.

Kwa tangi linalozidi mita moja na nusu ningebadili mifupa na kumpa kazi fundi wa mageti: paipu za mraba za milimita 40, zipakwe rangi ya kuzuia kutu hadi ndani ya maungio, na juu yake plaiwudi nene, kwa kuwa chuma kilichochomelewa hujivuta na mara nyingi hakikai bapa kabisa. Vazi la mninga linabaki lilelile, likifungwa kwa skrubu kwenye vipande vya mbao vilivyoshikizwa kwenye chuma, ili siku yoyote livuliwe, kutu ikaguliwe, na livishwe tena.