Mkono Uliogonga Bati

Tarehe 6 Februari 2015, jijini Paris, magari 59 yalinadiwa bila hata kupanguswa vumbi. Mengine matairi yalikuwa yamelala, ngozi za viti zimechanika, kutu imetafuna milango. Hata hivyo hakuna lililorudi nyumbani. Yote yalipata wanunuzi, na jumla ikapita yuro milioni 25.

Aliyeyakusanya ni Roger Baillon, tajiri wa malori wa magharibi mwa Ufaransa. Kuanzia miaka ya 1950 alinunua magari ya kifahari ya kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mengi yakiwa karibu kupelekwa kwenye vyuma chakavu, akidhamiria kuyafungulia makumbusho. Biashara ikamyumbia miaka ya 1970. Sehemu ya magari ikauzwa, yaliyobaki yakasukumwa kwenye mabanda ya shambani, baadhi ya mabanda hayo yakiwa ni paa la bati tu lisilo na kuta. Yakakaa humo miongo kadhaa. Mwaka 2014 wataalamu wawili wa kampuni ya mnada ya Artcurial, Matthieu Lamoure na Pierre Novikoff, walifika kuyaona, wakaikuta Ferrari imefunikwa na marundo ya magazeti.

Ferrari hiyo, 250 GT California Spider ya mwaka 1961, ndiyo iliyobeba sifa zote za siku ile. Iliwahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon, na iliuzwa kwa takriban yuro milioni 16.3. Sina kinyongo na bei hiyo. Kinachoniuma ni kwamba jina la mwigizaji lilijaa vinywani mwa watu, na la waliolifanya lile gari liwe zuri likapita kimyakimya. Delon alilikalia tu. Bodi yake ilitoka kwenye karakana ya Sergio Scaglietti, Modena.

Scaglietti alizaliwa mwaka 1920 na akaingia karakana angali kijana mdogo. Hakuwa msomi wa michoro, na sifa yake kubwa ilikuwa jicho. Bodi za Ferrari za mashindano zilizotoka mikononi mwake na mwa wenzake zilitengenezwa kwa alumini tupu. California ya barabarani ilikuwa na bodi ya chuma, ila boneti, milango na kifuniko cha buti vikawa vya alumini ili kupunguza uzito.

Nataka tuitazame kazi yenyewe, maana ndiyo ninayoisifu. Kwanza fundi hupinda fito nyembamba za chuma na kuzilehemu mpaka zisimame kama mbavu za jahazi lisilo na mbao. Hapo ndipo kila kipande kitakuja kupimwa. Kisha hukata karatasi ya alumini, huipaka sabuni na kuipitishia moto wa gesi taratibu. Chuma kikipata moto huwa chekundu, fundi akaona. Alumini haina onyo hilo. Inabaki vilevile mpaka ghafla inayeyuka na kutoboka. Ndiyo maana ya sabuni: ikigeuka nyeusi, fundi anajua alumini imelainika, anaondoa moto. Ujanja huu hauhitaji kipimajoto wala mashine, unahitaji kipande cha sabuni na mtu aliyetulia.

Ikipoa, huilaza juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, akaigonga kwa nyundo ya mbao yenye kichwa cha mviringo. Mchanga unabonyea, alumini inabonyea nao, na polepole karatasi iliyokuwa bapa inaanza kupata tumbo. Lakini kila pigo linaifanya iwe ngumu zaidi. Ikigongwa kupita kiasi inapasuka, na kazi ya tangu asubuhi imekwenda. Kwa hiyo ni sabuni tena, moto tena, nyundo tena. Umbo likikubali kukaa kwenye zile fito, makovu hulainishwa kwa nyundo bapa huku mkono wa pili umeshika kipande cha chuma upande wa chini. Madigadi moja tu hutaka mapigo yasiyohesabika, na hakuna pigo linaloweza kurudishwa.

Na mwishoni kazi haikaguliwi kwa jicho. Jicho hudanganywa na mwanga. Fundi hufumba macho au hutazama pembeni, akatelezesha kiganja kutoka mbele kwenda nyuma, akasimama mahali ambapo wewe na mimi tusingehisi kitu. Nimewaona mafundi bodi wa Gerezani, Dar es Salaam, wakifanya vilevile kwenye mlango wa daladala uliogongwa. Hawajawahi kufika Modena, na hakuna aliyewafundisha kwa Kiitaliano. Bati ndilo lililowafundisha.

Kwa kuwa kazi ilikuwa ya mkono, magari ya zama zile hayafanani hata kama ni ya aina moja. Ukipima upande wa kushoto na wa kulia utakuta tofauti za milimita kadhaa. Kiwandani leo hiyo ingeitwa kasoro. Mimi naiita saini.

Katika magari ya Baillon ilikuwemo Talbot-Lago T26 Grand Sport iliyovikwa bodi na Jacques Saoutchik, fundi aliyezaliwa katika himaya ya Urusi, akajifunza useremala wa samani kabla ya kufungua karakana ya magari Paris mwaka 1906. Useremala huo unaonekana. Wafaransa wa wakati wake waliunda kiunzi cha mbao kwanza, ndipo wakakivika bati. Mvua ikiingia, mbao huoza kimyakimya na bati hulegea juu yake. Gari la namna hiyo likiachwa kwenye banda lisilo na kuta linakufa kwa ndani. Karakana ya Saoutchik ilifungwa mwaka 1955, kwani viwanda vilikuwa vimeanza kuuza magari ambayo bodi na chasisi ni kitu kimoja, na fundi wa kuvisha akakosa cha kuvisha.

Ndiyo maana nawashukuru Artcurial kwa uamuzi wa kutoyapaka rangi magari yale kabla ya mnada. Rangi mpya inayong'aa huficha kazi. Vumbi na mikwaruzo viliwaacha watazamaji waone mikunjo ilivyo, mahali bati lilipoungwa, na mahali lilipochoka. Walioyanunua, nawasihi wasifanye haraka ya kufuta alama hizo zote. Kipande kilichooza kitengenezwe, kilichosimama miaka 60 kiachwe na makovu yake.

Nawe msomaji, ukibahatika kusimama karibu na gari la aina hii, usikimbilie kupiga picha kwa mbele. Omba boneti ifunguliwe, uinamie upande wake wa ndani, ambako hakuna aliyehangaika kulainisha. Alama za nyundo bado zipo.