Kitambulisho cha Uzi: Uhakiki wa Istilahi Moja

Ilinifikia mezani rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kuandika programu za Linux. Lugha yake ni fasaha, na mfasiri anastahili pongezi kwa kuteua neno “uzi”: kama nyuzi nyingi zinavyofuma nguo moja, ndivyo nyuzi za mchakato mmoja zinavyotenda kazi kwa pamoja zikitumia kumbukumbu moja. Hata hivyo, sentensi moja imenikwaza: “Programu yaweza kubadili mtumiaji.”

Ni nini hasa kinachobadilika? Kiini cha Linux huhifadhi namba ya mtumiaji kwa kila uzi peke yake. Kanuni za POSIX, kwa upande wao, zataka nyuzi zote za mchakato ziwe na namba moja. Ili kuyapatanisha hayo, maktaba ya glibc, ikipokea amri ya setuid, huzipelekea nyuzi nyingine ishara ili nazo zibadilike. Mwandishi wa programu akiiruka maktaba na kukiita kiini moja kwa moja, hubadilika uzi ule mmoja tu. Rasimu yatumia kauli ile ile kwa hali zote mbili. Msomaji aweza kuamini kwamba programu yake imeyavua mamlaka ya namba 0, yaani ya msimamizi mkuu, kumbe umeyavua uzi mmoja tu, na zilizosalia zingali nayo.

Neno “mtumiaji” nalo lina kasoro hapa. Mtumiaji ni mtu. Uzi hupokea namba tu. Mtu aliyebeba kitambulisho cha mwenzake hajageuka kuwa mwenzake. Kwa kuwa kumbukumbu ni ya shirika, msimbo muovu ulioingia katika uzi wenye mamlaka madogo waweza kuharibu data inayotumiwa na uzi wenye mamlaka makubwa. Kusema kwamba uzi “umebadili mtumiaji” ni kumwonyesha msomaji ukuta usiokuwapo. Atakaye ukuta hana budi kuanzisha mchakato mwingine wenye kumbukumbu yake.

Kwa hiyo napendekeza kauli mbili: “kubadili kitambulisho cha mchakato”, pale nyuzi zote zinapohusika, na “kubadili kitambulisho cha uzi”, pale uhusikapo mmoja tu. Wako watakaosema kauli hizi ni ndefu. Ni kweli, na ufupi ni sifa njema ya istilahi. Lakini ufupi unaounganisha dhana mbili zinazotofautiana kiusalama hauna faida. Walimu na wafasiri wazijaribu kauli hizi darasani na katika miongozo, kisha watuletee hoja zao, hasa pale zitakapoonekana kushindwa.