Kalibu ya kiatu si 'mwisho'

JUZI nikiwa Kedowa, Kaunti ya Kericho, fundi mmoja wa viatu alinionyesha kijitabu cha mafunzo kilichotafsiriwa kwa Kiswahili. Kilimwagiza 'akunje mwisho wenye bawaba' kabla ya kuutoa kiatuni. "Sasa mwalimu, mwisho gani huo?" akaniuliza. "Ni kisigino ama ni ncha?"

Swali lake lina mashiko. Mfasiri alikutana na neno la Kiingereza 'last', akadaka maana ya kwanza iliyomjia. Kumbe linalozungumziwa ni umbo la mti, plastiki au chuma lenye sura ya mguu, ambalo ngozi huvutwa juu yake ili kiatu kipate sura. Bawaba hulifupisha umbo hilo, likatoka bila kupanua wala kupasua sehemu ya kisigino.

Kiswahili hakijapungukiwa. Tuna 'kalibu', kutoka Kiarabu 'qalib', ambalo asili yake huhusishwa na neno la Kigiriki lenye maana ya 'mguu wa mti' wa mshona viatu. Tuna pia 'foroma', la asili ya Kireno. Fundi wangu ana 'mguu ya chuma', lakini hicho ni kifaa cha kugongea misumari wakati wa ukarabati.

Basi tuseme 'kalibu ya bawaba', na ile inayoongezwa ukubwa kwa skrubu iwe 'kalibu ya kupanuka'. Mfasiri asiyemuuliza fundi humchania ngozi.